Mashahidi Watatu wa Kashengero

Redio Tumaini la Vilima ilikuwa imebaki na kila kitu isipokuwa redio. Jina lilikuwapo, bango lilikuwapo juu ya mlango, na wasikilizaji walikuwapo kila palipokuwa na watu. Lakini mtambo ulichukuliwa na wenye silaha walipopita Kashuga, pamoja na jenereta, nyaya, na hata viti vya plastiki vya studio. Waandishi wakatawanyika, huyu Goma, yule Uganda. Akabaki Zéphyrin peke yake na simu yenye kioo kilichopasuka, akaifanya simu hiyo kuwa studio, mnara na chumba cha habari.

Kila asubuhi, misa ilipokwisha, aliketi juu ya jiwe lililo nyuma ya ukuta wa parokia, kwa kuwa hapo ndipo mtandao ulipokubali kushika. Alikuwa na njia yake ya WhatsApp, iliyofuatwa na watu wa vilima vyote vya Masisi, na alikuwa na ukurasa wake wa X, uliosomwa na watu wa mbali. Aliandika kwa maneno machache, maana maneno mengi hula mega za watu. Barabara ya Mweso: lori limekwama, pikipiki zinapita. Soko la leo limefanyika. Milio ya risasi imesikika upande wa machweo, chanzo hakijajulikana. Mwenye mega alisoma, akamsomea asiye nazo. Huyo akamwambia jirani, jirani akampigia shemeji yake wa kilima cha pili. Na kabla ya jua kupanda, neno lililoandikwa juu ya jiwe lilikuwa limekwisha kufika mahali ambapo simu haishiki kabisa.

Miaka ilikuwa imemfunza kwamba simu ile ile husema na kaumu mbili. Wa mbali wanataka kujua yaliyotokea. Wa karibu wanataka kujua waweke wapi mguu. Wa mbali ukiwadanganya watakutukana, kisha watasahau. Wa karibu ukiwadanganya utawazika. Kwa hiyo alijifunga kwa sharti: haandiki jambo la njia wala la usalama mpaka alisikie kwa watu watatu, wa mahali patatu, wasiokutana. Na sharti la pili, ambalo alilithamini kuliko la kwanza: katika swali usitie jibu. Hakuuliza, “Ni kweli wameondoka?” Aliuliza, “Hapo ulipo unaona nini?” Kwa maana watu wa vilima hivi wana adabu, na mwenye adabu hapendi swali la mtu anayeheshimiwa limrudie mikono mitupu. Ukimuuliza kama ni kweli, atakuambia ni kweli, naye hatakuwa amekusudia uongo. Atakuwa amekukaribisha tu.

Hayo yote aliyajua. Lakini alikuwa amechoka. Uchovu ulikuwa umemkaa mifupani kama unyevu unavyokaa katika turubai za kambi, na usingizi haukuuondoa, kwa sababu hata usingizini simu ilikuwa chini ya shavu lake.

Ulikuwa mwezi wa kwanza, wakati wa maharagwe kukauka shambani. Dada yake mkubwa, Joséphine-Marie, yaya kama alivyomwita, ambaye vita vilimshusha kutoka kwenye shamba la marehemu mama yao na kumtia kambini Kashuga pamoja na watoto wake, alikuja jiweni akiwa amebeba kidumu cha maji kichwani, akasimama mbele yake bila kukitua.

“Papa Redio, leo unatupatia nini?”

“Sina kitu, yaya. Rezo ya telefone iko inanisumbua.”

“Rezo njo inakusumbua, ao ni weye unasumbua rezo? Hata unyoe ndevu basi. Bantu batasema mudogo wangu amefiwa.”

“Nimefiwa na redio.”

Alicheka, na maji yakamwagika kidogo begani. Kisha akaacha kucheka.

“Sikiliza. Maharagwe ya Kashengero imekauka. Ikipigwa na mvula mbili tu, itaota mule mule mu maganda. Bale bantu ba bunduki bangali kule juu?”

“Sijue, yaya.”

“Unajua mambo ya Kinshasa, unajua mambo ya Amerika. Ya shamba ya mama yetu hujue.”

“Nitauliza.”

“Uliza mbio. Batoto beko bananiangalia kama mimi njo niko chakula.”

Kilima hicho cha shamba watu wote walikiita Antena, kwa sababu ya mnara wa simu uliosimamishwa kileleni pake, ambao siku hizi ulikuwa umekufa. Kashengero lilikuwa jina la zamani. Mama yao alilirithi kwa baba yake, naye akawaachia wanawe pamoja na jembe na mashairi machache ya kubembelezea watoto. Nje ya nyumba yao hapakuwa na mtu aliyelitumia tena.

Siku hiyo hiyo, sokoni, mpita njia mmoja aliyekuwa akiswaga mbuzi alimwambia Zéphyrin kwamba alipopita chini ya kile kilima hakuona moshi. Labda wenye silaha wameteremka upande wa Walikale. Alisema labda, akaendelea na mbuzi wake. Jioni, chaji ikikaribia kwisha na macho yakimfumba, Zéphyrin alifungua kundi la waandishi wake wa vilimani, wale vijana na wazee waliomletea habari bila mshahara, akatuma ujumbe wa sauti. Hakuuliza wanaona nini. Alisema kama mtu anayezungumza na dada yake mlangoni: kuna habari kwamba wale watu wameshuka upande wa Walikale, wameacha kilima, tafuteni. Simu ikazimika mkononi mwake. Hakuusikiliza tena ule ujumbe, wala hakuona sababu ya kuusikiliza.

Kwa siku mbili hapakuja jibu. Kisha yeye mwenyewe akaanza kupiga simu, kama sharti lake lilivyotaka.

Wa kwanza alikuwa Mama Fifi wa Shasha, muuza samaki, ambaye mizigo yake ya sambaza hupanda kutoka ziwani hadi masoko ya juu, naye kwa ajili ya mali yake hujua njia ipi imefungwa na ipi imefunguliwa. “Ndiyo, Papa Zéphyrin, bameondoka,” alijibu, simu ikirekodi sauti yake kama ilivyorekodi kila shahidi. “Kashengero iko wazi. Bameshuka Walikale.” Wa pili alikuwa Jean de Dieu, katekista wa kijiji kilichoko chini ya msitu wa mianzi: naye akasema amesikia hivyo hivyo, Kashengero imebaki tupu, na Mungu asifiwe. Wa tatu alikuwa dereva wa pikipiki wa barabara ya Mweso, akasema vivyo hivyo huku mashine yake ikinguruma.

Watu watatu, mahali patatu, hawajuani. Zéphyrin alihisi kitu ambacho hakuwa amekihisi kwa muda mrefu, furaha ya kuwa na habari njema ya kuwapa watu. Akaandika: Kilima cha Antena, wenye silaha wameondoka kuelekea Walikale, kwa ushahidi wa watu watatu. Njia inapitika.

Habari ile ilienda kama moto wa nyasi kavu. Hakuwahi kuandika neno lililosambazwa hivyo. Watu waliobeba habari zake za risasi na maziko kwa mwendo wa kuburura miguu waliibeba hii kwa mbio, wakiongeza mioyo na mikono iliyokunjwa kwa shukrani. Alfajiri iliyofuata, wanawake wa kambi walikwea kwa makundi mawili, magunia wamejifunga viunoni. La mbele aliliongoza Joséphine-Marie. La nyuma lilikuwa na Mama Mukashema, mjane ambaye shamba lake lilipakana na lile la mama yao, mwanamke wa maneno makali na mwendo wa polepole.

Jua lilipokuwa limepanda vya kutosha kukausha jiwe, Zéphyrin alikaa kuandaa maelezo marefu kidogo kwa wasomaji wake wa X. Wale hudai maneno yenyewe ya mashahidi, kwa hiyo akaweka simu sikioni asikilize tena sauti tatu zile na kuziandika neno kwa neno.

Fifi akasema Kashengero.

Akaandika. Katekista akasema Kashengero. Mkono wake ukapunguza mwendo. Dereva wa pikipiki, mtu wa Mweso, asiyejua hata jina la baba ya Zéphyrin seuze la shamba la babu yake, akasema, katikati ya mngurumo, Kashengero.

Akasimamisha sauti. Akairudisha nyuma, akaisikia tena. Kisha akatafuta katika kundi la waandishi wake ule ujumbe alioutuma jioni ya soko, akausikiliza kwa mara ya kwanza. Sauti yake mwenyewe, sauti ya mtu anayetaka kulala, ilisema: bale ba bunduki bameshuka upande wa Walikale, bameacha Kashengero.

Akampigia Fifi.

“Mama Fifi, jina ya Kashengero ulipewa na nani?”

“Jina gani sasa? Si njo jina ya kilima?”

“Kilima inaitwaka Antena.”

“Papa, mi niko muntu wa samaki. Jina nilipewa njo nilitaja.”

“Lakini uliona mwenyewe bakiondoka?”

“Nione ile kilima nikiwa Shasha? Macho yangu iko na motere kama pikipiki?”

“Sasa kwa nini ulisema ndiyo?”

“Ulinipigia weye, muntu wa redio, ukaniuliza kama bameondoka. Nikujibu hapana, mimi niko nani? Na bantu bote balikuwa banasema.”

“Bantu bote ni banani?”

“Babebaji ba Rubaya, bale ba mawe. Balipita hapa na mizigo. Basema iko muntu mukubwa wa redio alituma vokali mu telefone.” Akaanza kucheka. “Papa. Huyo muntu mukubwa si weye?”

Kicheko kikamfia hapo hapo.

Zéphyrin akampigia Damascène, mwandishi wake wa upande wa Rubaya, mzee mtulivu aliyewahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi, ambaye hukaa penye njia panda wapumzikapo wachukuzi wa mawe ya koltani na migongo yao.

“Mwalimu, ile vokali yangu, ulimusikilizisha nani?”

“Bantu ba mizigo, Papa. Balikuwa banapumzika. Nilipandisha sauti mpaka mwisho ili bote basikie.”

“Ile ilikuwa ya kundi, mwalimu. Ya sisi kwa sisi.”

“Ulisema tutafute. Muntu anatafutaka namna gani bila kuuliza bantu? Na babebaji njo banapita kila pahali. Nilibaomba bakifika mbele baulize.”

“Na baliuliza?”

Upande wa pili zilisikika sauti za watu wakitua mizigo.

“Papa,” alisema Damascène taratibu, “muntu mwenye anabeba mawe kilo makumi tano hana pumzi ya kuuliza. Iko na pumzi ya kusema tu.”

Hapakuwa na mwingine wa kulaumiwa. Hilo ndilo lililomwelemea. Wote walifanya lililo jema kwa kadiri walivyolielewa: mwalimu alitafuta kama alivyotumwa, wachukuzi walifikisha, katekista alimshukuru Mungu, na muuza samaki alikuwa na adabu. Yeye ndiye aliyetia jibu katika swali. Alijiuliza mwenyewe, akajijibu mwenyewe kwa vinywa vya watu watatu, kisha akaweka juu yake jina la ushahidi. Na dada yake alikuwa njiani.

Akampigia. Simu ya Joséphine-Marie ilikuwa imezimwa. Aliizima daima safarini, ili chaji itoshe wiki.

Angeweza kuifuta habari ile. Wengi hufanya hivyo, na kinachobaki ni alama ndogo ya kwamba kitu kilikuwapo. Lakini alichokifuta yeye kingebaki katika simu za watu wote waliokwisha kukisambaza, tena kingebaki kikiwa na nguvu zaidi, kwa kuwa hakuna aliyekikanusha. Angeweza pia kuandika kwa lugha ya ofisi, kwamba hali inabadilika na wananchi wawe waangalifu. Aliyaandika maneno hayo, akayaona, akayafuta. Akaandika: Nimekosea. Habari ya kuwa wenye silaha wameondoka Antena ilitoka kwangu mimi, haikutoka kwa mtu aliyeona. Sijui kama wapo au hawapo. Msiende. Walioenda, waiteni warudi. Zéphyrin.

Kisha akaisema kwa sauti pia, kwa ajili ya wasiosoma, akahakikisha safari hii amesema Antena.

Habari ya kwanza ilikuwa imekimbia, hii ilichechemea. Kutaja kosa la mwingine ni kazi nyepesi, lakini aliyeisambaza habari njema jana kwa majirani zake leo angepaswa kugonga milango ile ile na kusema, nami nilikosea. Na wachache wana miguu ya kazi hiyo. Majibu yakaanza kuja chini ya maneno yake. Papa Redio amelewa kasiksi. Nani amekulipa ubadilishe? Mtu mmoja aliye Brussels, ambaye hakukanyaga Masisi tangu utoto wake, alimwandikia somo refu juu ya uaminifu wa mwanahabari. Zéphyrin alilisoma lote, kwa sababu alikuwa na tabia ya kusoma kila alichoandikiwa, na kwa sababu lilikuwa kweli.

Halafu akaacha jiwe, akaanza kukwea.

Hakuwa mtu wa kukwea tena. Goti lake la kushoto lilikuwa na maradhi ya zamani, na njia ilikuwa na utelezi hata pasipo mvua. Alipita mashamba ya mihogo yaliyoachwa yakarudi kuwa pori, akapita nyumba ambazo milango yake ilichukuliwa kuwa kuni, na kila alipofika juu ya kilima kidogo alitoa simu, akaiinua kama mtu anayemwonyesha Mungu kitu, akapiga namba ya dada yake, akasikia yale yale.

Penye kizuizi cha mianzi kilichofunga njia alikutana na kundi la nyuma likiteremka. Magunia yao yalikuwa bado yamefungwa viunoni, matupu. Mama Mukashema alitangulia, na alipomwona hakupunguza mwendo mpaka alipokuwa karibu kumkanyaga.

“Njo weye? Asubuhi unatutuma, saa hii unaturudisha. Tuko mbuzi?”

“Nisamehe, mama.”

“Binti wangu alinipigia pale juu, pahali rezo inapitaka kama mwizi. Ati Papa Redio anasema turudi. Tulikuwa tunaona shamba. Ningenyoosha mukono ningekamata jani.”

“Mama, sikuwa najua kama beko kule.”

“Basi asubuhi ulikuwa unajua nini?”

Mwanamke mwingine, nyuma ya Mukashema, akasema pengine ni bora hivi, mtu asife kwa maharagwe. Mukashema akamgeukia.

“Na ukifa kwa njaa, batakuimbia wimbo tofauti?”

“Kundi ya yaya yangu iko wapi?” aliuliza Zéphyrin.

“Bamepita mbele. Kwao telefone ilikuwa imezimwa.” Akamtazama juu mpaka chini, ndevu, goti, simu mkononi. “Bahati yao ao bahati mbaya yao, tutaona.”

Wakaendelea kuteremka. Mbingu ikawa nzito upande wa msitu, na mvua ikaanguka, ile mvua ya vilima isiyotanguliwa na upepo wala onyo, ikampata Zéphyrin chini ya upenu wa duka lililofungwa siku nyingi. Aliendelea kutazama njia. Hakuweza kwenda mbele, kwa sababu mbele njia iligawanyika, wala hakuweza kurudi. Aliomba kwa maneno aliyofunzwa utotoni, Salamu Maria moja baada ya nyingine. Kisha maneno yakamwishia, akabaki akimtaja Mungu tu, na Mungu husikia hata hivyo. Aliomba dada yake arudi. Hakuomba maharagwe. Baadaye aliona haya kwamba hakuyaomba.

Mvua ilikuwa imepungua na mwanga ungali upo aliposikia sauti zao. Waliteremka wakiwa wameinama, kamba za magunia zimewakaa kwenye paji la uso, miguu imepakwa tope mpaka magotini, na walikuwa wote. Aliwahesabu kwa macho mara mbili. Joséphine-Marie alimwona, akaweka gunia lake juu ya ukingo wa njia pasipo kuitoa kamba kichwani, kama afanyavyo mwanamke asiyetaka kupumzika kwa muda mrefu.

“Unafanya nini hapa? Umelowa kama kuku.”

“Nilikufuata. Habari ilikuwa ya uongo, yaya. Mimi njo niliitengeneza. Bila kutaka.”

Alimsikiliza mpaka mwisho. Maji yalimtiririka usoni naye hakuyafuta.

“Haikuwa ya uongo yote,” alisema, “na haikuwa ya kweli. Tulikuta nyumba ya shamba iko wazi. Ndani iko mafiga, na majivu. Niliweka mukono.” Akafungua kiganja chake, kana kwamba majivu yangekuwamo bado. “Ilikuwa ya moto. Na maganda ya maharagwe yetu pembeni, yamekulwa asubuhi.”

“Na mulibaki?”

“Tulivuna kama bezi. Hakuna mwenye alisema neno. Shamba ya mama yetu, mudogo wangu, na niliiba.”

“Ungeniona njiani, ningekurudisha.”

“Najua. Ungenirudisha, na batoto bangekula nini? Sasa nikushukuru ao nikutukane? Chagua.”

“Nitukane.”

“Kesho. Leo nimechoka.”

Akaliinua gunia kwa shingo, na Zéphyrin alipotaka kulishika upande mmoja akamwambia aache, goti lake litawaletea kazi mbili.

Walipoingia kambini, waliokuwa wamerudi mapema walikuwa wamesimama kwenye milango ya mahema yao. Walitazama magunia yakipita, yamelowa na kujaa, na macho yao yalipofika kwa mwanamume aliyekuja nyuma ya magunia yale hayakuondoka. Alitamani wamzomee. Hawakumzomea. Mama Mukashema alikuwa akipepea moto wa kuni mbichi chini ya sufuria ambayo Zéphyrin hakuthubutu kutazama ndani yake.

Asubuhi alikwenda jiweni kwa sababu hakujua pengine pa kwenda. Hakuwa ameandika kitu. Wanawake walikuwa wametangulia, wamekaa kwenye majani yenye umande, magunia mikononi. Nusu ya maharagwe ya kilima ilikuwa bado shambani, imenyeshewa mara moja, na wote walijua kwamba mvua ya pili ingeyamaliza. Alishangaa kwamba walikuja. Akaelewa kwamba hawakuja kwa sababu walimwamini, bali kwa sababu hapakuwa na mwingine.

Mama Mukashema ndiye aliyesimama.

“Leo je?”

“Sijue, mama.”

“Jana ulijua mara mbili. Leo hata mara moja?”

Wengine wakacheka kidogo, kicheko kisicho na nguvu.

“Nitakuambia chenye niko nacho,” alisema Zéphyrin. “Jana yaya yangu alifika mu nyumba ya shamba. Alikuta majivu. Aliweka mukono, akasikia moto. Aliona maganda yenye kukulwa asubuhi. Hakuona muntu. Hakusikia muntu. Tangu jana hakuna mwenye amepanda kule, na hakuna mwenye ameniambia kitu. Njo ile tu.”

“Sasa tuende ao tusiende?”

Alimtazama. Jibu lolote angelitoa lingekuwa jepesi kulitamka, na wangelifuata. Hata baada ya jana wangelifuata, wakinung'unika. Aliona kwamba ndivyo alivyokuwa amezoea, na ndivyo alivyowazoeza.

“Siwezi kukuambia, mama. Sikuona.”

Mukashema akakunja gunia lake mara mbili, akalikunjua.

“Majivu, aliweka mukono yeye mwenyewe? Si muntu alimuambia?”

“Yeye mwenyewe.”

“Iko wapi sasa?”

“Iko mu hema yake. Anapepeta.”

“Basi weye ukae na telefone yako,” alisema Mukashema, pasipo ukali. “Ninaenda kumuuliza.”

Akateremka kuelekea mahema, na wengine wakanyanyuka mmoja mmoja, wakamfuata. Kutoka jiweni Zéphyrin aliwaona wamezunguka mlango wa dada yake. Aliona Joséphine-Marie akiweka ungo chini, akifungua kiganja, akionyesha. Aliona Mukashema akikishika kiganja kile, akikigeuza, akiuliza jambo, akiuliza tena. Mazungumzo yalichukua muda. Mwishowe mjane yule alisimama pembeni peke yake, uso ameuelekeza kilimani ambako ukungu ulikuwa ukipanda, akajifunga gunia kiunoni. Alisimama hivyo kwa kitambo. Kisha akalifungua, akalitundika juu ya kamba ya hema likauke, akaingia ndani.

Hakuna aliyepanda siku ile. Mawingu yalikuwa yakikusanyika tena upande wa msitu.

Zéphyrin alitoa simu, akaandika polepole, akiangalia kila neno limetoka kwa nani. Kilima cha Antena: jana mwanamke mmoja mvunaji alifika kwenye nyumba ya shamba, akaweka mkono kwenye majivu, yakawa ya moto. Hakuona mtu. Leo wanawake wa Kashuga wamesikia hayo kutoka kinywani mwake mwenyewe, na hawakupanda. Hatujui zaidi. Akatuma, akaishikilia simu juu mpaka mtandao ulipokubali.

Watu wachache sana waliisambaza. Jibu la kwanza lilitoka Goma, kwa mhariri wa gazeti la mtandaoni aliyekuwa akinunua habari zake mara kwa mara, na lilikuwa na maneno mawili.

“Picha iko?”

Zéphyrin aliyasoma, akaitia simu mfukoni pasipo kumjibu, akakaa juu ya jiwe lake.